Video haichezi kwenye kompyuta? Usikubali kufomati kwanza

Ujumbe wa namna hii unatufikia mara kwa mara: "Nimerekodi sherehe kwa simu, nikahamishia kwenye kompyuta, sauti naisikia lakini picha ni nyeusi." Mwingine anasema picha inakwama kila baada ya sekunde chache. Mwingine ameshaambiwa na fundi kwamba dawa ni kufomati mashine nzima.

Kabla hujafuta video, na kabla hujakubali kufomati, pitia maelezo haya. Mara nyingi video ni nzima na kompyuta ni nzima. Kinachosumbua ni programu mbili au tatu ndani ya mashine zinazogombania kazi moja. Hapa tunazungumzia kompyuta za Windows, maana ndizo zilizojaa shuleni, kwenye ofisi za vijiji na kwenye maduka ya steshenari.

Kikundi kimoja cha wafugaji wa kuku kilituletea kompyuta mpakato hapa studio. Katibu wao alikuwa amerekodi kwa simu yake mpya mafunzo ya chanjo ya mdondo, wakitaka kuwaonyesha wanachama wasiohudhuria. Picha haikuonekana. Fundi alikuwa amewaambia waifomati, na walikuwa tayari kulipa. Tulipouliza kuna nini kingine humo ndani, mhasibu akasema: hesabu za hisa na mikopo ya wanachama, miaka mitatu, hazijanakiliwa popote. Tukaomba nusu saa. Mashine haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa na vifurushi viwili vya kodeki, kila kimoja kimewekwa na kijana tofauti aliyekuwa akijaribu kusaidia.

Kodeki ni nini, na kwa nini zinagombana

Video ni kitu kikubwa sana, kwa hiyo simu huikandamiza wakati wa kurekodi, kama nguo za mitumba zinavyobanwa kwenye robota. Kodeki ni programu inayojua kulifungua robota hilo. Herufi za mwisho wa jina la faili, kama mp4 au mkv, ni kitambaa cha nje tu. Ndani, picha inaweza kuwa imebanwa kwa njia ya H.264, iliyotoka mwaka 2003 na inayofunguka karibu kila mahali, au H.265, iliyotoka mwaka 2013, ambayo hubana zaidi lakini kompyuta nyingi haziwezi kuifungua bila kuongezewa kitu. H.265 huitwa pia HEVC. Simu nyingi mpya zinaweza kurekodi kwa njia hii. Ndiyo maana faili mbili zenye mp4 mwishoni zinaweza kukaa folda moja, moja ikacheza na nyingine ikatoa sauti tu.

Windows huweka orodha ya kodeki zilizomo kwenye mashine. Programu nyingi za kuchezea video hazina kodeki zake zenyewe. Huuliza Windows nani anaweza kufungua robota hili, na kazi hupewa aliye mbele kwenye foleni. Kifurushi cha kodeki kinaposakinishwa, huweza kujiweka mbele. Kikija cha pili nacho hufanya hivyo hivyo. Ukikiondoa kimoja vibaya, jina lake linaweza kubaki kwenye orodha ilhali chenyewe hakipo. Hapo ndipo unapata picha nyeusi, rangi ya kijani, picha iliyopinduka kichwa chini, au programu inayojifunga yenyewe.

Anza na simu

Cheza video ile ile kwenye simu iliyorekodi. Ikicheza mpaka mwisho, video ni nzima. Usiifute kwenye simu mpaka uione kwa macho yako inacheza upande wa pili.

Kisha linganisha ukubwa wa faili. Kama kwenye simu ni MB 350 na kwenye kompyuta ni MB 210, hakuna ugomvi wowote wa programu: waya ulichomoka au flashi ilitolewa mapema. Nakili upya. Na usicheze video moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Iweke kwanza ndani ya kompyuta, kwa sababu flashi ya polepole husababisha kukwama kunakofanana kabisa na tatizo tunalolitafuta.

Kipimo cha VLC

Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote. VLC ni programu ya bure ya kuchezea video, iliyoanza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, Ufaransa. Faida yake kwetu ni moja: inabeba kodeki zake yenyewe na haiulizi Windows. Inapatikana videolan.org, na mwenye bando dogo anaweza kupewa faili la kusakinisha kwa flashi na mtu anayemwamini.

Cheza video yako kwa VLC. Ikicheza vizuri huku programu nyingine zikishindwa, umeshajua: tatizo ni kodeki za Windows. Unaweza kuishia hapo na kutumia VLC siku zote, wala si aibu. Ukitaka kusafisha, fungua "Control Panel", nenda "Programs and Features", tafuta majina yenye neno "codec". Ondoa kimoja, zima mashine na uiwashe, jaribu tena. Ondoa kimoja kimoja, la sivyo hutajua mkorofi alikuwa nani. Mimi binafsi siweki tena kifurushi cha kodeki kwenye mashine yoyote. Anayehitaji kufungua HEVC bila VLC anaweza kupata nyongeza yake kwenye duka la Microsoft kwa malipo madogo.

Ikiwa hata VLC inaonyesha giza au inakwama, hamisha macho kwenye draiva ya kadi ya picha. Kompyuta hupunguza mzigo kwa kuikabidhi kadi ya picha kazi ya kufungua video, na draiva ndiye mkalimani kati yao. Baada ya Windows kujisasisha, mkalimani huyo anaweza kuanza kukosea. Ndani ya VLC bonyeza Ctrl na P, nenda "Input / Codecs", penye "Hardware-accelerated decoding" chagua "Disable", hifadhi, funga VLC na uifungue upya. Video ikicheza sasa, draiva ndiyo yenye kasoro. Fungua "Device Manager", kwenye "Display adapters" chagua kadi yako, na kama kitufe cha "Roll Back Driver" kinakubali, kibonyeze ili irudi draiva ya awali. Kisipokubali, chukua draiva kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta hiyo.

Kuna mashine ambazo hazitaponyeka kwa njia hizi. Kompyuta za kabla ya mwaka 2015 hivi mara nyingi kadi zake hazina uwezo wa kufungua H.265, na kichwa cha kompyuta kikibebeshwa kazi yote peke yake, picha itakwama tu. Huo ni uzee.

Kama shida iko YouTube tu

Video za ndani ya kompyuta zikicheza lakini za mtandaoni hazitaki, acha kodeki. Kwenye Chrome bonyeza Ctrl, Shift na N kupata dirisha la faragha, ambalo kwa kawaida halitumii viendelezi. Video ikicheza humo, kiendelezi kimojawapo ndicho kinachozuia, mara nyingi kile cha kuzuia matangazo au kilichoingizwa na programu ya kuzuia virusi. Vizime vyote, kisha washa kimoja kimoja.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba sauti inaweza kuzuia picha. Kifaa cha sauti kikikamatwa na programu nyingine, YouTube inaweza kugoma kucheza kabisa. Funga programu za mikutano ya video, chomoa na uchomeke tena spika, au zima na uwashe kompyuta. Wenye projekta wajue pia kwamba ukiunganisha waya wa HDMI, Windows huweza kupeleka sauti kwenye projekta isiyo na spika. Bofya alama ya spika chini kulia na urudishe sauti kwenye kompyuta.

Walinzi wawili mlango mmoja

Programu ya kuzuia virusi hukagua faili linapofunguliwa. Ukiwa nazo mbili, kila moja inakagua, na wakati mwingine zinakaguana zenyewe. Kwa mashine yenye kumbukumbu ndogo hilo linatosha kuikwamisha video. Baki na moja. Windows 10 na 11 zina mlinzi wao wa ndani, na hujiweka kando ukisakinisha mwingine, kwa hiyo mgogoro huja pale unapoongeza wawili wa nje.

Ukishindwa kumpata mkorofi, kuna njia ya kuwasha kompyuta bila programu za wageni. Andika "msconfig" kwenye sehemu ya kutafutia, fungua "Services", weka alama kwenye "Hide all Microsoft services" (usiruke hatua hii), kisha "Disable all". Kwa Ctrl, Shift na Esc fungua "Task Manager", na kwenye "Startup" zima zilizomo. Washa upya na ujaribu video. Ikicheza, rudisha nusu ya programu, jaribu, kisha nusu ya nusu, mpaka umkamate. Usitumie "Safe Mode" kupima video. Humo sauti haifanyi kazi na kadi ya picha inatumia draiva ya dharura, utadhani mambo yameharibika zaidi.

Mtego wa "pakua kodeki"

Tovuti ikikuambia video haiwezi kucheza mpaka upakue kodeki au usasishe Flash Player, ondoka. Adobe iliacha Flash tarehe 31 Desemba 2020, kwa hiyo hakuna cha kusasisha. Na hila ya kodeki ni ya zamani: kirusi kilichoitwa Zlob kilisambaa miaka ya 2005 na 2006 kwa kujifanya kodeki ya video.

Kwa anayerekodi

Ukijua video itakwenda kwenye kompyuta ya mtu mwingine, rekodi kwa H.264 tangu mwanzo. Kwenye iPhone nenda mipangilio ya kamera, sehemu ya "Formats", uchague "Most Compatible". Kwenye simu nyingi za Android, angalia mipangilio ya kamera penye "High efficiency" au "HEVC" na uzime. Faili litakuwa kubwa zaidi, kwa hiyo angalia nafasi kwenye memori kadi. Katibu wa wale wafugaji alibadilisha hapo hapo kabla hawajaondoka.

Na ikifika mahali kufomati hakuepukiki, mwambie fundi anakili kwanza "Documents", "Desktop", "Pictures", "Videos" na folda nyingine yoyote unayoitumia, akupe diski mkononi. Ichomeke kwenye kompyuta nyingine, fungua faili mbili tatu na uhakikishe zinasomeka. Baada ya hapo ndipo aanze kazi.