Nani Mwenye Ubongo wa Mtambo wa Simu?

Katika masomo yetu ya siasa tumezoea kuuliza swali moja juu ya kila chombo cha kazi: ni mali ya nani, na kinaendeshwa kwa faida ya nani? Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipotaja njia kuu za uchumi ambazo hazina budi kuwa chini ya wakulima na wafanyakazi, lilitaja mawasiliano pamoja na ardhi, mabenki na nguvu za umeme. Wakati ule jibu lilionekana jepesi: mwenye nguzo, waya na jengo la mitambo ndiye mwenye simu. Leo jibu hilo halitoshi, na kada asiyejua kwa nini halitoshi atalinda mlango wa mbele huku mali ikitolewa dirishani.

Mkono, chuma na programu

Tuanze na Marekani, maana huko ndiko ubepari wa simu ulikokomaa. Mwanzoni simu ziliunganishwa kwa mkono. Wafanyakazi, wengi wao wanawake, walikaa mbele ya ubao wenye matundu wakichomeka waya ili mtu azungumze na mwenziwe. Mwaka 1891 Almon Strowger, mwenye biashara ya mazishi huko Kansas City, alipata hataza ya mtambo unaounganisha simu wenyewe, na mwaka 1892 mtambo wa kwanza wa namna hiyo ulifunguliwa mjini La Porte, jimbo la Indiana. Kampuni ya AT&T, iliyohodhi sehemu kubwa ya simu za nchi ile, ilianza kuutumia kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Hivyo ujuzi uliokuwa mikononi mwa mfanyakazi ukahamia katika chuma, na chuma kilikuwa mali ya kampuni.

Hatua ya pili ilikuja mwaka 1965, huko Succasunna, New Jersey, ulipofunguliwa mtambo wa kielektroniki ulioongozwa na programu iliyohifadhiwa ndani yake. Tangu hapo, kubadili huduma kulihitaji kubadili maagizo, si kubadili nyaya. Lakini programu na chuma vilitoka katika kiwanda kimoja, Western Electric, ambacho kilikuwa mali ya AT&T. Ubongo na mwili vilikuwa na mwenyewe mmoja.

Umoja huo haukudumu. Mwaka 1984 AT&T ilivunjwa, na mwaka 1996 kazi ya kutengeneza mitambo ikatenganishwa nayo na kuwa kampuni ya Lucent. Makampuni ya simu yakawa wanunuzi tu. Kila kazi ya mtandao ilihitaji sanduku lake maalumu, na kila sanduku lilikuja na programu iliyofungwa na kiwanda. Intaneti ya simu za mkononi ilipokua, mzigo wa data uliongezeka kwa kasi kuliko mapato. Hapo ndipo ukinzani ulipoiva.

Mwezi Oktoba 1912 haukujua mambo haya, lakini Oktoba 2012, mjini Darmstadt, Ujerumani, makampuni 13, yakiwamo AT&T, BT, Deutsche Telekom na China Mobile, yalitoa waraka wa pamoja: kazi za masanduku zigeuzwe programu, nazo ziendeshwe katika kompyuta za kawaida. AT&T ikajiwekea lengo la kufikisha asilimia 75 ya mtandao wake katika mfumo huo ifikapo mwaka 2020. Mwezi Aprili 2020 kampuni ya Rakuten ya Japani ilifungua huduma kwa mtandao uliojengwa hivyo tangu msingi.

Ukombozi uliozaa tajiri mpya

Makampuni hayo yalitaka kujikomboa kutoka kwa wenye viwanda vya masanduku, na kwa kiasi yalifaulu. Lakini programu ikishatengana na chuma, inaweza kuendeshwa popote, na mwenye kompyuta nyingi kuliko wote hugeuka mwenyeji wa wote. Mwaka 2020 Microsoft ilinunua kampuni mbili za programu za mitandao ya simu, Affirmed Networks na Metaswitch. Mwezi Juni 2021 AT&T ilitangaza kwamba kiini cha mtandao wake wa 5G kitahamia katika wingu la Microsoft, na Microsoft ikachukua teknolojia ya wingu ambayo AT&T ilikuwa imejijengea. Leseni zilibaki kwa AT&T. Ubongo ulipata mlezi mwingine.

Somo kwetu

Sisi tumeonja jambo linalofanana na hilo. Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lilikuwa na makao makuu Kampala. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ililazimika kuunda shirika lake. Mwaka 2001 asilimia 35 ya kampuni yetu ya simu, TTCL, iliuzwa kwa wawekezaji wa nje. Mwaka 2016 Serikali ilizinunua tena hisa hizo, na sheria ya mwaka 2017 ikaifanya kuwa shirika la umma. Mkongo wa Taifa pia ni mali ya umma. Huo ni ushindi, lakini ni ushindi wa mwili.

Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba nchini kote. Tufikiri: kama ubongo wa mtandao ungekuwa ng'ambo, mkulima wa Iringa angeshindwa hata kuzungumza na mwanawe aliye Dodoma, ingawa nguzo zote baina yao zimesimama na ni mali ya taifa.

Wapo watakaosema basi tuikatae teknolojia hii. Huo si ujamaa, ni woga. Programu inayoendeshwa katika kompyuta ya kawaida inaweza kuwa silaha ya nchi maskini, mradi ishikwe na mikono yake. Kwa hiyo kila mkataba wa mitambo uulizwe maswali matatu: Nani ana haki ya kuibadili programu? Kompyuta zinazoiendesha ziko wapi? Wataalamu wa nje wakiondoka kesho, vijana wetu wataweza kuiendesha? Mtegemea cha nduguye hufa maskini; na tajiri wa wingu si ndugu yetu. Kazi ya makada ni kuhakikisha maswali hayo yanaulizwa kabla ya sahihi kutiwa, si baada yake.