Chombo kikienda mrama, alaumiwe nani?

Wahenga walisema kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwanyamazisha walio chini: mwacheni mkubwa aongoze. Lakini hebu tujiulize, nahodha akiwa mmoja na chombo bado kikaenda mrama, lawama ni ya nani?

Katika Odisi, utenzi wa Wagiriki wa kale unaohusishwa na Homer, Odysseus anaondoka Troy na merikebu 12, anafika kwao Ithaca pasi na baharia hata mmoja. Mwanzoni kabisa lawama inawaangukia mabaharia: walikula ng'ombe wa mungu jua. Sawa, walikula. Lakini kabla ya hapo nahodha alipewa mfuko uliofungiwa pepo, na hakuwaambia mna nini ndani. Siku tisa alishika kamba ya tanga asimpokeze mtu. Ithaca ikiwa tayari inaonekana, usingizi ukamchukua. Nao wakaufungua wakidhani mna dhahabu na fedha. Na anayetusimulia kisa hicho ni nani? Odysseus mwenyewe.

Kisa kinachofanana na hicho kilipita papa hapa kwetu. Tarehe 7 Aprili 1498, Vasco da Gama alitia nanga nje ya bandari ya Mombasa. Njiani alikuwa amemchapa viboko rubani mmoja aliyemtuhumu kumdanganya. (Rubani, kabla ya enzi ya ndege, ni mjuzi wa kuongoza chombo baharini.) Siku tatu baadaye merikebu zilipojaribu kuingia, yake ikakataa kugeuka. Marubani waliotoka Msumbiji wakajitosa majini. Usiku huo Gama aliwatesa mateka wawili kwa mafuta ya moto ili wakiri njama. Mmoja alijirusha baharini mikono ikiwa imefungwa.

Malindi alipewa rubani, wakaivuka bahari hadi India kwa siku 23 hivi. Wakati wa kurudi, hakungoja kaskazi ianze kuvuma. Safari ile ile ikala karibu miezi mitatu. Kiseyeye kiliua watu 30, na katika kila merikebu wakabaki saba au wanane wenye nguvu za kufanya kazi. Nidhamu ilivunjika, hata wakuu wakakubaliana kurudi India endapo upepo ungewaruhusu. Walifika Malindi Januari 1499, kisha karibu na Mtangata, kusini mwa Mombasa, wakaichoma São Rafael kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Haya tunayajua kwa kuwa mmoja wa waliokuwa safarini aliandika shajara. Mwaka 1572, Luís de Camões alipochapisha utenzi wake Os Lusíadas, Gama akawa shujaa na Mombasa ikawa mji wa hila. Basi tuna masimulizi mawili ya safari moja: moja linamtukuza nahodha, jingine linahesabu maiti.

Mwanafunzi wa Likoni, Kisauni au Changamwe anayesoma habari za Gama anastahili kuyapata yote mawili. Asikariri tu kwamba Mreno "aligundua" njia ya India, ilhali rubani wa Malindi aliijua tayari. Aulize pia marubani walijitosa kwa nini, na wale 30 walikufa kwa uamuzi wa nani. Methali ya wahenga ni kweli. Ila haikusema nahodha asiulizwe.