Kwale wa Udzungwa: kutoka sufuriani hadi kwenye vinasaba

Kwale wa Udzungwa aliingia katika vitabu vya sayansi kwa kupitia sufuria. Mwaka 1991 watafiti wa ndege kutoka Denmark, wakiwa kambini katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa nchini Tanzania, waliona ndani ya mchuzi miguu miwili isiyofanana na ya kuku wala ya kwale yeyote waliyemfahamu. Kwa wategaji wa eneo hilo ndege huyo alikuwa kitoweo tu. Baadaye alionekana akiwa hai, akichakura majani makavu kutafuta wadudu: mdomo mwekundu, kifua cha kijivu chenye madoa meusi.

Mwaka 1994 jarida la Ibis lilimtangaza rasmi, na ikabidi aundiwe jenasi yake, Xenoperdix, yaani kwale wa ajabu. Ajabu yenyewe ni ukoo: jamaa zake wa karibu hawako Afrika, wako kwenye misitu ya milima ya Asia.

Njia ya mtafiti wa kigeni kwenda kwenye misitu kama ule wa Ndundulu huanzia Dar es Salaam. Kibali cha utafiti hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986 kushika nafasi ya baraza lililojulikana kama UTAFITI. Ofisi zake ziko Kijitonyama, Kinondoni, na abiria wa daladala hushukia kituo kinachoitwa Sayansi, wengi bila kujiuliza jina limetoka wapi.

Mwaka 2003 watafiti wa ndege Jon Fjeldså na Jacob Kiure waliandika habari za kwale kama huyo katika milima ya Rubeho, ng'ambo ya bonde kavu la Ruaha Mkuu, bonde ambalo ndege wa msitu wa baridi hathubutu kulivuka. Je, ni yuleyule? Jibu lilitafutwa kwenye vinasaba vya mitokondria, ambavyo kifaranga hurithi kwa mama peke yake. Mabadiliko madogo hujikusanya humo kizazi hadi kizazi, hivyo tofauti zikiwa nyingi, utengano ni wa siku nyingi. Mwaka 2005 Rauri Bowie na Fjeldså walihitimisha kuwa ni spishi mbili. Si orodha zote za ndege zilizokubali, lakini hoja ina uzito: msitu mmoja ukiisha, mwingine hauwezi kufidia.

Kazi ya maabara ni ghali, na kwa ndege wa Tanzania imetegemea zaidi vyuo na makumbusho ya nje. New Zealand ilipita njia nyingine. Kakapo, kasuku asiyeruka, walikuwa wamebaki 51 mwaka 1995. Kuanzia 2016 watu wa kawaida walichangishwa kupitia intaneti, wakisaidiana na taasisi, ili kusoma jenomu, yaani vinasaba vyote, ya kila kakapo aliye hai. Matokeo ya ndege 169 yalichapishwa mwaka 2023, na sasa walezi wana msingi wa kuepusha ndugu wasizaliane.

Kuchangishana si jambo la kufundishwa jijini Dar es Salaam, iwe Kinondoni au Temeke. Harusi ina kamati, vikao na kadi. Msiba una rambirambi. Na tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, mchango hufika kabla mwenye shughuli hajamaliza kushukuru. Ila desturi hiyo imebaki kwa jamaa, majirani na waumini. Kadi ya kumchangia kwale bado si kitu cha kukutana nacho Mbagala wala Mwananyamala.