Uwanja Tuliouacha: Tanzania na Michezo ya Olimpiki ya 1976

Katika nchi ya Wasukuma, kuanzia Shinyanga hadi Geita, mavuno yakiisha ndipo ngoma za mashindano huanza. Vyama viwili vya jadi, Wagika na Wagalu, hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja. Chama kinachovuta watazamaji wengi zaidi ndicho kilichoshinda. Kwa desturi hiyo, mtu anayeliacha duara huwa ametoa hukumu sawasawa na yule anayebaki. Yafaa tulikumbuke jambo hili tunapoichunguza historia ya Taifa letu katika michezo ya kimataifa, kwani kuna mwaka ambao Tanzania nayo iliuacha uwanja kwa makusudi.

Nchi yetu iliingia katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Tokyo mwaka 1964. Miaka minne baadaye, huko Mexico, John Stephen Akhwari aliumia goti katika mbio za marathoni, lakini hakuacha. Alifika akiwa wa 57, wa mwisho miongoni mwa waliomaliza. Kisha, tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, Filbert Bayi alishinda mbio za mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi mpya ya dunia. Aliyemfuata alikuwa John Walker wa New Zealand. Wapenzi wa riadha wakawa wanangojea kwa hamu wawili hao wapambane tena Montreal mwaka 1976.

Hawakupambana. Mwezi Juni mwaka huo, utawala wa makaburu uliwaua wanafunzi wa Soweto waliokuwa wakiandamana. Mwezi huohuo haujaisha, timu ya raga ya New Zealand ilianza ziara yake Afrika Kusini. Nchi za Afrika zilidai New Zealand iondolewe Montreal. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikataa, kwa hoja kwamba raga haikuwa mchezo wa Olimpiki. Zaidi ya nchi 20, nyingi zao za Afrika, zikasusia. Tanzania ikiwa mojawapo. Walker alitwaa medali ya dhahabu, na Bayi hakuwapo.

Je, ilikuwa haki kijana wa miaka 23 alipe deni la bara zima? Swali hili tusilikwepe, kwani nguvu za mwanariadha hazingoji siasa. Mwaka 1980, mjini Moscow, Bayi alipata medali ya fedha katika mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5000. Hadi kumalizika kwa Michezo ya Paris mwaka 2024, Tanzania haikuwa imepata medali nyingine ya Olimpiki. Dhahabu hatujaipata bado.

Hata hivyo, gharama hiyo haikupotea bure. Mwaka 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana huko Gleneagles kuzuia uhusiano wa kimichezo na Afrika Kusini, na makaburu wakazidi kutengwa. Mcheza ngoma wa Usukuma angelielewa jambo hili bila kufafanuliwa: mwenye ngoma mbovu hushindwa watu wanapomgeuzia kisogo. Kwa hiyo, mwanafunzi anapohesabu medali za Taifa, na aihesabu pia mbio ambayo Bayi hakuikimbia.