Somo la Redio: Mashindano ya Watengenezaji wa Prosesa

Somo letu la leo ni historia ya kitu kidogo kilichomo ndani ya simu yako. Kitu hicho huitwa prosesa. Kazi yake ni kufanya hesabu na kufuata amri. Ukituma fedha kwa simu, prosesa ndiyo inayofanya hesabu. Ndani yake mna transista, yaani vidude vidogo mno vya kufungua na kufunga njia ya umeme.

Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania iliweka kompyuta ya kwanza nchini. Mashine za siku hizo zilikuwa kubwa kama makabati. Lakini mwaka 1971 kampuni ya Intel ya Marekani iliuza prosesa nzima katika kipande kimoja kidogo kuliko ukucha. Ilikuwa na transista 2,300 hivi. Prosesa za leo zina mabilioni.

Je, mabadiliko hayo yaliletwa na nini? Ufundi, na tena mashindano. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel. IBM haikutaka kumtegemea muuzaji mmoja, kwa maana akiishiwa na mali, mnunuzi amekwama. Basi mwaka 1982 Intel ikakubali kampuni ya AMD nayo itengeneze prosesa za namna ile ile.

Ninyi watu wa Mafia mnalifahamu jambo hili. Kukiwa na chombo kimoja tu cha kwenda Nyamisati, abiria hulipa nauli anayotajiwa. Vikija viwili, kila nahodha humbembeleza abiria.

Baadaye Intel na AMD waligombana, wakapelekana mahakamani. AMD ikajifunza kuchora prosesa zake yenyewe. Machi 2000 AMD ilikuwa ya kwanza kutangaza prosesa ya kompyuta za mezani yenye mapigo milioni 1,000 kwa sekunde. Intel ilitangaza yake baada ya siku mbili tu!

Lakini prosesa ikienda mbio mno hupata moto na kula umeme mwingi. Mwaka 2004 Intel iliacha mpango wake wa kuuza prosesa ya mapigo milioni 4,000. Watengenezaji wakaanza kuweka prosesa mbili, nne au zaidi katika kipande kimoja, zisaidiane kama watu wanaosukuma dau moja.

Kumbe mshindani mwingine alikuwa Uingereza. Mwaka 1985, mjini Cambridge, kampuni ya Acorn ilitengeneza prosesa ya ARM, ambayo haikuhitaji umeme mwingi. Prosesa za ukoo huo ndizo zilizomo karibu katika simu zote leo. Kwa mvuvi aliye baharini usiku kucha, simu inayotunza chaji ni bora kuliko yenye mbio za bure.

Basi, ndugu mwanafunzi, mnunuzi mwenye wauzaji wawili ana nguvu. Na muuzaji naye ni vivyo hivyo: mwenye pweza akiwa na mnunuzi mmoja, bei si yake.

Jadilianeni darasani:

1. Kwa nini IBM ilitaka wauzaji wawili?
2. Ni bidhaa gani kijijini kwenu ina muuzaji mmoja tu? Mwaweza kufanya nini?

Kwaherini mpaka somo lijalo.