Mchoraji na Msomaji wa Mchoro: Uchoraji wa Kiufundi Lubumbashi

Uchoraji wa kiufundi, yaani ustadi wa kuonyesha kitu chenye unene kwenye karatasi bapa ili fundi aweze kukitengeneza bila kumtafuta aliyekichora, uliingia Katanga, kusini mwa Kongo, pamoja na reli na tanuri la shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli kutoka Rhodesia ikafika mwaka 1910 mahali palipokuwa pakipimwa viwanja vya Élisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi tangu 1966, na mwaka 1911 tanuri likaanza kuyeyusha madini. Mji wenyewe ulitangulia kuwa mchoro, kwa kuwa barabara zake zinazokatana kwa pembe mraba zilipigwa kwa rula ofisini.

Njia ya kuchora iliyotumiwa na Wabelgiji, waliotawala Kongo wakati huo, ilitokana na Gaspard Monge, Mfaransa aliyefundisha jijini Paris mwaka 1795 jinsi ya kukionyesha kitu kwa sura kadhaa, ya mbele, ya juu na ya ubavuni, ambazo msomaji huziunganisha akilini hadi akione kitu kizima. Kuchora na kusoma mchoro ni stadi mbili zinazotegemeana, lakini utawala wa kikoloni ulizitenganisha. Wamisionari Wasalesiani, waliofika mwaka 1911, walifundisha vijana ufundi wa mikono, na Union Minière, ilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi pamoja na familia zao badala ya kuwabadilisha kila mara, iliwapa Waafrika kazi za ufundi mitambo ambazo kusini mwa mpaka, huko Rhodesia, zilihodhiwa na wazungu. Hao walihitaji kuusoma mchoro. Kuubuni kulibaki kwa mhandisi wa Ulaya. Chuo kikuu kilifunguliwa mjini mwaka 1956 tu, miaka minne kabla ya uhuru, na wahandisi Wakongo wa kuzirithi meza za kuchorea hawakuwapo.

Kuanzia 1971 chuo hicho kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, hadi kilipojitegemea tena mwaka 1981. Katika mafunzo ya wahandisi wa enzi hiyo mwanafunzi alitumia rula ya T, bikari na kalamu ya wino juu ya karatasi angavu, na mstari uliokosewa ulikwanguliwa kwa wembe. Kazi hiyo ilichosha, lakini ilimlazimisha mtu kufikiri kabla ya kugusa karatasi.

Uchoraji kwa kompyuta, ambao wasomi wa Lubumbashi huuita DAO kwa herufi za Kifaransa, ulikuwa umeanza mbali: Ivan Sutherland alionyesha programu yake ya Sketchpad huko Marekani mwaka 1963, na AutoCAD ikatoka mwaka 1982. Programu hizo zilipoenea duniani, Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilikuwa ikianguka kutoka zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 hadi chini ya 50,000 mwaka 1993, na mwajiri aliyefilisika hanunui kompyuta.

Sheria ya madini ya 2002 ilileta kampuni za kigeni na, pamoja nazo, tatizo ambalo programu hailitatui yenyewe. Sura za mchoro hupangwa kwa namna mbili: katika mpangilio wa Ulaya sura ya juu huwekwa chini ya sura ya mbele; katika ule wa Marekani na Australia huwekwa juu yake, na sura za ubavuni hubadilishana pande. Alama ndogo ya pia iliyokatwa ncha, pembezoni mwa karatasi, hutaja mpangilio uliotumika, na fundi asiyeitazama anaweza kutengeneza kipande kilichogeuzwa kama kwenye kioo. Mgodi wa Tenke Fungurume, kwa mfano, ulianza kuzalisha mwaka 2009 chini ya kampuni ya Kimarekani ya Freeport-McMoRan, kisha mwaka 2016 ukauzwa kwa China Molybdenum, na China hufuata mpangilio wa Ulaya.

Isitoshe, wawekezaji walizikuta kumbukumbu za Gécamines zikiwa karatasi: mikato ya miamba na matokeo ya uchorongaji wa miaka mingi, ambayo yalipaswa kuingizwa kwenye kompyuta kabla ya umbo la mwamba wenye shaba kujengwa kwa vipimo vitatu. Kazi hiyo ilimhitaji mtu anayejua karatasi na kompyuta vilevile, na huyo mara nyingi alikuwa yule aliyewahi kukwangua wino kwa wembe.