Liru na Wati: Milima, Mababu na Majina

Mlima Liru umo Koboko, kaskazini mwa Arua nchini Uganda, na mlima Wati, uitwao pia Eti, umo Terego. Masimulizi ya Walugbara, watu wa eneo hilo, hueleza kwamba koo zao zilitokana na mashujaa wawili, Jaki aliyefia Liru na Dribidu aliyefia Wati, na kwa sababu hiyo kuutaja mlima ni kumkumbuka babu. John Middleton, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti katika eneo hili kuanzia mwaka 1949, aliyahifadhi masimulizi hayo kwa maandishi.

Wagiriki wa kale waliliunganisha jina na mahali kwa ukaribu zaidi. Aegina alikuwa nimfa, yaani mmoja wa mabinti wa kiroho waliosadikiwa kukaa kwenye mito, chemchemi na misitu. Zeus, mkuu wa miungu, alimchukua hadi kisiwa cha Oinone, ambacho tangu hapo kikaitwa Aegina. Dada yake Salamis, binti wa mungu wa mto Asopos kama yeye, naye alikipa kisiwa kingine jina lake. Nchini Uganda pia, Ziwa Wamala lina jina la Wamala, mtawala wa Wachwezi, nasaba ya kale, ambaye masimulizi husema alitowekea humo.

Liru na Wati, kwa upande wao, haikuchukua majina ya mashujaa, bali hubeba habari zao. Pia Walugbara walisadiki kwamba vijito, miamba na miti mikubwa ni makao ya adroanzi, yaani watoto wa Adro, roho ya Mungu iliyo karibu na ardhi, na imani hiyo iliwafundisha watu kuyaheshimu maji na misitu, heshima inayostahili kudumishwa hata leo.